Harufu ya Mbwa Imerudi Baada ya Usafi? Kabla Hujasema Umeibiwa, Tazama Sakafu Yako

Lalamiko ni lile lile, mlalamikaji tu ndiye anayebadilika. Zulia la baa limesafishwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano hewa ni safi. Ijumaa mvua inanyesha, milango inafungwa, watu wanajaa, na kwenye kona ya meza ya dirishani mkojo wa mbwa unanuka kana kwamba umemwagwa asubuhi ile. Ndipo simu inapopigwa kwetu sisi wasafishaji: pesa mmechukua, harufu mmetuachia.

Mteja anayesema hivyo hadanganyi, pua yake inamwambia kweli. Ila harufu hiyo ilikuwepo tangu Jumatatu, chini ya zulia, ikisubiri unyevu. Aliyeomba asafishiwe juu tu kwa sababu bei ya kufunua zulia ilimshtua, amesafishiwa juu tu.

Mkojo wa mbwa kwa zaidi ya asilimia 90 ni maji. Maji yakikauka hubaki urea na chumvi za namna mbalimbali. Bakteria walioko sakafuni huivunja urea ikawa amonia, na hiyo ndiyo harufu inayochoma pua. Chumvi nazo hunyonya unyevu wa hewani. Siku ya jua zimekauka na hazisikiki; siku ya mvua, au baada ya kupiga deki, zinalowa, bakteria wanapata maji na kazi yao inaanza upya. Ndiyo maana harufu "inarudi" siku baa imejaa: pumzi za watu peke yake zinatosha kuongeza unyevu ndani ya chumba kilichofungwa.

Halafu kuna suala la kiasi. Mbwa mwenye afya hutoa mililita 20 hadi 40 za mkojo kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 20, basi, ni mililita 400 hadi 800. Hatamwaga zote mahali pamoja, lakini kiasi cha glasi moja kinatosha kupenya nyuzi za zulia, kitambaa chake cha chini, sponji iliyotandikwa chini yake, na kufika kwenye saruji. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyotawanyika. Doa ambalo juu lina upana wa sahani, chini kwenye sponji lina upana wa sinia. Anayesugua sahani ameacha sinia nzima.

Sasa lile swali ambalo wenye baa na maduka hutuuliza: turuhusu mbwa au tusiruhusu? Watu wengi hulijibu kwa moyo, anayependa mbwa upande huu, asiyewapenda upande ule. Sisi jibu letu linaanzia chini. Mwenye vigae vikubwa vilivyojazwa grauti (kijazio cha kati ya vigae) ya epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji, au saruji iliyopakwa epoksi, na pembe za ukuta zilizozibwa kwa silikoni, anaweza kuwakaribisha mbwa bila hofu, kwa sababu mkojo utakaa juu ukimsubiri. Mwenye zulia la ukuta kwa ukuta asiwaruhusu, au awatengee eneo lisilo na zulia. Hapo hatubembelezi mtu, hata kama kazi ya kufunua mazulia ndiyo inayotulipa vizuri zaidi.

Kati ya hizo mbili ndiko kwenye matatizo. Grauti ya kawaida ya saruji hunywa kama sponji. Isipopakwa dawa ya kuziba vitundu, na dawa hiyo kurudiwa inapochakaa, ndani ya muda mistari kati ya vigae hugeuka rangi na kunuka wakati vigae vyenyewe viko safi. Lamineti huonekana imara, lakini mkojo ukiingia kwenye maungio ya mbao zake, kiini chake cha nyuzi za mbao zilizogandamizwa huvimba, na kingo zikishainuka hakuna dawa, ni kung'oa kipande. Mbao halisi zenye vanishi nzima huvumilia. Vanishi ikishalika, mkojo huingia na kuacha doa jeusi ambalo kupiga msasa hakulitoi kila mara. Saruji tupu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ndiyo watu huiamini zaidi.

Kitu cha pili ni dakika kumi za kwanza baada ya mbwa kukojoa, ambazo haziko mikononi mwetu. Ziko kwa mfanyakazi wako. Anatakiwa awe na vitu hivi kwenye ndoo moja nyuma ya kaunta: glavu, taulo za karatasi au vitambaa vikavu vyeupe, chupa ya maji baridi, chupa ya dawa ya vimeng'enya (enzaimu zinazovunja mabaki ya mkojo), na kipande cha plastiki. Afyonze kwanza kwa kukandamiza, hata kwa kusimama juu ya kitambaa, abadilishe kitambaa mpaka kitoke kikavu. Asisugue, maana kusugua kunausukuma mkojo chini na pembeni. Kisha amwage maji baridi kidogo, afyonze tena. Ndipo aweke dawa ya vimeng'enya, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapulizia mara tatu na kufuta. Dawa hiyo inapaswa kufika kila mahali mkojo ulipofika, kwa hiyo kiasi chake kiwe sawa na mkojo wenyewe au kuzidi, na ibaki mbichi. Kwenye vigae, dakika 15 zinatosha kwa mkojo mbichi. Kwenye zulia, ifunikwe kwa plastiki saa kadhaa, doa la zamani hata usiku kucha, kisha ifyonzwe na kukaushwa kwa feni. Zulia lisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, umebadilisha harufu ya mkojo kwa harufu ya ukungu.

Njia za mkato tunazozikuta zinajulikana, na kila moja ina gharama yake.

Jiki ndiyo ya kwanza. Mtu anaona mkojo, anamwaga jiki, harufu ya jiki inafunika kila kitu na anaridhika. Klorini iliyo kwenye jiki ikikutana na amonia iliyo kwenye mkojo hutoa gesi ya kloramini inayochoma macho na mapafu. Kwenye choo kidogo au stoo isiyo na dirisha hiyo ni hatari ya kweli. Ukiichanganya na dawa ya tindikali ya kutoa chokaa, inatoka gesi ya klorini yenyewe. Zaidi ya hayo, jiki hung'oa rangi ya zulia na kuharibu vimeng'enya vitakavyomwagwa baadaye. Inapokuwa imeshamwagwa, kazi yetu inaanza kwa kuisuuza jiki, na muda huo unalipiwa. Dawa za sakafu zenye amonia nazo ni kosa la namna yake, kwa sababu kwa pua ya mbwa zinakaribia kunuka kama mkojo, naye anarudi kuweka alama palepale.

Ya pili ni joto. Mashine ya mvuke ni nzuri kwa mafuta ya jikoni. Juu ya doa la mkojo ambalo halijavunjwa, joto hushikiza doa na harufu kwenye nyuzi, hasa za sufu. Vimeng'enya navyo ni protini, maji ya moto huviua. Tunatumia maji ya kawaida au vuguvugu, na mteja anayeona hakuna mvuke unaofuka asidhani amepunjwa.

Siki kwenye marumaru. Marumaru na mawe ya chokaa huliwa na tindikali. Mng'ao ukishaondoka, kinachofuata ni fundi wa kung'arisha mawe, ambaye bei yake haifanani hata kidogo na ya doa moja.

Na manukato. Hatuna mengi ya kusema: mteja mgeni anayeingia husikia manukato na mkojo kwa pamoja, na wewe uliyezoea husikii chochote. Mafuta ya mti wa chai ("tea tree", si chai ya kunywa), ambayo huuzwa kama kitu asilia kisicho na madhara, ni sumu kwa mbwa.

Tukirudi kwenye bei. Kuna anayeuliza kwa nini doa moja ligharimu kama kusafisha chumba kizima. Hesabu ni hii. Kwanza kulitafuta. Taa zinazimwa, tochi ya mwanga wa urujuanimno inapitishwa chini karibu na sakafu. Mkojo mkavu hung'aa manjano iliyofifia, lakini si huo peke yake. Kwenye baa, kinywaji cha tonic kilichomwagika hung'aa buluu kali kwa sababu ya kwinini iliyomo, na mabaki ya sabuni za kufulia hung'aa meupe. Asiyejua hutia dawa kwenye tonic na kuuacha mkojo. Kwa hiyo kila alama hukaguliwa kwa kipima unyevu, na ndiyo, kwa kupiga magoti na kunusa. Miguu ya meza, mguu wa kaunta, skatingi (ukanda wa chini ya ukuta), pembe za rafu za chini na pazia zinazogusa sakafu hukaguliwa moja moja, maana dume anayeinua mguu haachi alama sakafuni tu, huacha ukutani, nayo inateremka nyuma ya skatingi.

Kisha zulia linafunuliwa. Sponji iliyolowa hukatwa na kutupwa, hatuoshi sponji. Chini ya zulia hutibiwa upande wa nyuma, saruji hutibiwa na kuachwa ikauke kabisa, halafu hupakwa mikono miwili ya rangi ya kuziba harufu, kila mkono ukisubiri uliotangulia ukauke. Sponji mpya, zulia kurudishwa na kunyooshwa. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja. Anayekupa bei ya nusu na kumaliza kwa saa mbili amefanya ile kazi ya juu, na utampigia simu mvua itakaponyesha.

Ukiamua kuruhusu mbwa, bandika masharti mlangoni ili mfanyakazi asigombane na mtu. Mbwa atembezwe nje na kukojoa kabla ya kuingia. Awe kwenye kamba fupi, si ile inayojivuta, akae sakafuni na si kwenye kiti cha kitambaa, kwa sababu vinavyosababisha mzio hutoka kwenye mate na magamba ya ngozi yake, na vitambaa huvihifadhi muda mrefu. Jike aliye kwenye joto la kutaka dume asiingie, maana madume watakaofuata wote wataweka alama. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hana uwezo wa kujizuia kwa saa nyingi. Mwenye naye afupishe kikao. Bakuli la maji liwekwe juu ya kigae, mbali na zulia, maana maji yaliyomwagika huamsha madoa ya zamani. Jikoni na stoo ya chakula hawaingii kabisa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inataka wanyama wa kufugwa wazuiwe mahali chakula kinapoandaliwa, kushikwa au kuhifadhiwa, na hata pasipo na sheria kama hiyo ni jambo la busara.

Mbwa anayemwongoza asiyeona, au anayemsaidia mtu mwenye ulemavu mwingine, hayumo kwenye mjadala huu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2010, mtu huyo ana haki ya kuingia naye. Marekani, pale isipoonekana wazi, mfanyakazi huruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Cheti haombwi. Mbwa hao kwa kawaida hufunzwa kukojoa kwa amri, na karibu kamwe siyo wao waliochafua kona unayotuitia.

Ukituita kwa ukaguzi, usipige deki wala kuosha zulia siku mbili kabla. Zima vinyunyizio vya manukato tangu jana yake. Tuandikie dawa zote zilizowahi kumwagwa pale, hata kama ni jiki na unaona aibu kuitaja, maana ndizo zitakazoamua tuanze na nini. Tafuta saa ambayo chumba kinaweza kutiwa giza. Na mwenye uamuzi awepo mwenyewe, ili tukisema zulia lifunuliwe, jibu lipatikane palepale.