Zamu za nyumbani Mama Mwinjilisti akiwa safarini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mama Mwinjilisti anaondoka Jumatatu alfajiri kwenda huduma vijijini Kigoma, siku 12. Baba anabaki na watoto watatu, na wiki ya kwanza ana zamu ya usiku kazini.

1. Chakula: sufuria moja tu kwa siku, ifike saa 11 jioni. Zikija nne siku moja kinachacha, kesho yake hakuna kitu. Maharage yaje yamechemshwa bila nazi, ataunga Dada jioni.

2. Kulala: tunahitaji akina mama wawili wa kupokezana, Jumatatu hadi Ijumaa. Yule mdogo huamka usiku akimuita mama. Tafadhali msimwambie "anarudi kesho", ataacha kuwaamini. Mhesabieni siku zilizobaki, afute moja kila asubuhi kwenye kalenda ya ukutani.

3. Mchango: 5,000 kila mmoja kwa mweka hazina, mwisho Jumamosi saa 12 jioni. Ni ya umeme, gesi na nauli za shule.

Mama, kabla hujafunga begi: namba ya mita ya LUKU na kadi za bima za watoto zibaki kwa Baba. Simu iwe saa 1 jioni, kabla hawajasinzia. Mtandao ukikataa, rekodi sauti yako, itafika ukipata mtandao.

Jibu hapa: jina, siku yako ya chakula, na kama utalala. Nafunga orodha kesho saa 3 usiku. Jumatano na Jumapili bado hazina mtu.