Homer hakuwa mwandishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makala iliyowaeleza wasomaji kwamba Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, "aliandika" Iliadi na Odisei, tenzi mbili ndefu za mashujaa. Kitenzi hicho kimoja kinaficha jambo linalonivutia kuliko yote katika tenzi hizo: zilikulia vinywani mwa waimbaji, mbele ya wasikilizaji, muda mrefu kabla ya Wagiriki kuazima herufi za Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo, yapata karne ya 8 kabla ya Kristo.

Ushahidi umo katika mishororo yenyewe. Mwanzoni mwa Iliadi, shujaa wa Wagiriki Achilles ameketi kando ya merikebu zake, amejaa hasira, haendi vitani wala barazani, na papo hapo anaitwa "mwepesi wa miguu". Aliyezoea vitabu atadhani mtunzi amepitiwa. La hasha! Ushairi ule hauna vina. Mizani yake hupimwa kwa silabi ndefu na fupi katika mapigo sita, na anayetunga huku akiimba hana muda wa kusita akitafuta neno. Kwa hiyo jina la shujaa na sifa yake humjia pamoja, kwa kipimo kinachojaza nafasi iliyobaki: Odysseus ni "mwenye hila nyingi" mahali pamoja, na "mtukufu aliyevumilia mengi" pale panapotaka kirefu zaidi.

Mwanazuoni Mmarekani Milman Parry ndiye aliyeuchambua utaratibu huo kwa makini mwaka 1928, kisha akaenda Yugoslavia kuwasikiliza waimbaji walio hai. Huko Bijelo Polje, ambayo leo imo Montenegro, yeye na msaidizi wake Albert Lord walimpata Avdo Međedović, muuza nyama asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1935 mtu huyo aliwatolea utenzi mmoja wenye mishororo zaidi ya 12,000, karibu sawa na Odisei nzima, huku karani akiandika. Baada ya hapo, hoja kwamba utungo mrefu kiasi hicho hauwezekani bila kalamu haina tena miguu ya kusimamia.

Liko pia jambo la chapeo. Katika sehemu ya kumi ya Iliadi, Odysseus anavishwa chapeo ya ngozi iliyozungushiwa meno meupe ya nguruwe mwitu. Mabaki ya chapeo za namna hiyo yamefukuliwa katika makaburi ya enzi ya Mycenae, ustaarabu wa Wagiriki wa kale zaidi, nazo zilikuwa zimeacha kuvaliwa karne kadhaa kabla ya utenzi kuandikwa. Naamini ni ndimi za waimbaji zilizoitunza, kizazi hadi kizazi.

Sikatai kwamba hatimaye tenzi hizo zilitiwa katika maandishi, zisingetufikia vinginevyo. Naomba tu makala zijazo zimwite Homer mtunzi, au mwimbaji, na ziwape nafasi wale wasio na majina waliomtangulia.

Msomaji wako,
Tanga