Malalamiko kuhusu kifaa cha kushauri mwendo kwenye taa

Kisasa,
Dodoma.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

YAH: KIFAA CHENU KUTOA USHAURI WA HATARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa teksi, nabeba abiria kati ya Mtumba na mjini. Nilinunua kifaa chenu, kinachomwambia dereva aende mwendo gani ili akute taa za barabarani zikiwa kijani, kwa shilingi 280,000 kwa sababu mlitangaza kwamba "kinaongea na taa", kwa hiyo ningeokoa mafuta na breki.

Jumanne iliyopita asubuhi, nikiingia mjini, kioo cha kifaa kiliandika 43. Hesabu yake naielewa: taa iko mita 300, kijani kinawaka baada ya sekunde 25, ukienda kilomita 43 kwa saa unapita bila kusimama. Lakini pale kwenye taa palikuwa na daladala mbili, lori na bajaji zimejipanga. Kijani kiliwaka kweli, foleni ikawa ndiyo kwanza inaanza kujivuta. Nilikanyaga breki kwa nguvu. Mama aliyekaa nyuma yangu, kampakata mtoto, aligonga paji la uso kwenye kiti changu. Aliniuliza, "Baba, hukuwaona?" Niliwaona. Nilikuwa nimeiamini namba yenu.

Jioni ileile kikaniandikia 64 ili niwahi kijani, mahali penye kibao cha 50. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nikikamatwa, faini ni yangu; nikimgonga mtu wa bodaboda, je?

Nilipopiga simu, kijana wenu alikiri kwamba kifaa hakipokei chochote kutoka kwenye taa, kinakadiria kwa kumbukumbu za siku zilizopita. Muuzaji alinitolea mfano wa magari ya Audi kule Las Vegas, lakini yale yalianza mwaka 2016 kupata taarifa kutoka kwenye mtambo wenyewe unaoongoza taa za kule. Hapa kwetu, trafiki akisimama katikati ya makutano na kupitisha magari kwa mkono, amri ni yake, taa iwake rangi yoyote. Kifaa chenu hakilijui hilo, nacho hakinyamazi.

Naomba mnirudishie fedha zangu, mfute neno "kinaongea na taa" kwenye matangazo, na mkizuie kabisa kushauri mwendo unaozidi kibao. Wenzangu wawili kijiweni bado wanakitumia, wapigieni leo.

Changu nimekichomoa, kiko kwenye boksi pamoja na risiti. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja, dereva wa teksi