Mkataba unasema msaidizi, kazi ni ya kocha mkuu. Asaini?

Mshauri, salaam.

Nakuletea suala la mdogo wangu, na nitaliweka kama lilivyo kwenye karatasi, maana karatasi ndiyo inayonitia wasiwasi. Ana miaka 36, beki wa kati aliyestaafu baada ya kuzunguka Mbeya, Kigali na kumalizia Oman. Ana leseni ya ukocha ya CAF B, ya shirikisho la soka la Afrika. Klabu moja ya daraja la kwanza hukohuko Oman imempa mkataba wa miezi 10 kwa rial 700 kwa mwezi, yaani kama dola 1,820, kwa kuwa rial moja ni dola 2.6. Nyumba na tiketi ni juu ya klabu. Mpaka hapo sina neno.

Ubaya uko kwenye cheo. Atakayopewa ni kazi ya kocha mkuu: kupanga mazoezi, kuchagua kikosi, kuamua mabadiliko mechi ikiwa inachezwa. Mkataba unamwita "kocha msaidizi". Kwenye fomu ya mechi ataandikwa mzee mmoja mwenye AFC A, leseni ya shirikisho la Asia, ambaye analipwa kwa kuazimisha jina na kukalia kiti.

Sababu wanayotoa si ya uongo. Oman iko chini ya shirikisho la Asia, AFC, lenye ngazi zake C, B, A na Pro, na cheti cha CAF hakigeuki cha AFC kwa kuvuka bahari. Hata herufi zikifanana, uzito unatofautiana. Mwaka 2021 Didier Gomes, kocha wa Simba, alikuwa na UEFA A, leseni ya shirikisho la Ulaya, lakini CAF ilitaka CAF A au UEFA Pro, akazuiwa benchi la Ligi ya Mabingwa Afrika, na Simba ikamleta kocha Hitimana Thierry akae kwenye benchi hilo. Kama klabu kubwa kiasi hicho ilinaswa, ya daraja la kwanza itanaswa mapema zaidi.

Ninachoogopa ni yatakayotokea uwanjani. Sheria za mchezo zinaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo ya kiufundi kutoka eneo la benchi. Anaweza kuwa msaidizi, sawa. Lakini benchi likifanya kosa na mwamuzi asimtambue mkosaji, kadi inakwenda kwa kocha wa ngazi ya juu aliyepo hapo. Huyo ni mzee wetu. Siku akilimwa nyekundu kwa maneno ya mtu mwingine, mechi inayofuata mwenye cheti hayupo, na lawama zitamrudia mdogo wangu.

Sasa vifungu. Nimevisoma mara tatu, nikavilinganisha na Kiambatisho cha 2 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambacho tangu Januari 2021 kinahusu makocha.

Kifungu cha 4 kinasema mkataba utakuwa hai "kocha atakapopata leseni inayotambuliwa na shirikisho pamoja na kibali cha kazi". FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba wa kocha kufungwa kwenye leseni wala kibali. Ni wajibu wa klabu kuchunguza hayo kabla ya kusaini.

Kifungu cha 7 kinaipa klabu siku 90 za kuchelewesha mshahara bila kuhesabiwa kosa. Muda wa nyongeza wa namna hiyo FIFA haiutambui. Mishahara miwili isipolipwa kwa tarehe zake, kocha anaandika barua ya madai, anatoa siku zisizopungua 15, zikipita anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Makocha wengi huharibu hapa: wanafungasha na kuondoka kwa hasira bila ile barua, halafu klabu inasema kocha ndiye aliyetoroka kazini.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kifungu cha 11: klabu ikimwondoa kwa sababu yoyote, "ikiwemo matokeo mabaya", itamlipa mshahara wa mwezi mmoja na hesabu imefungwa. Matokeo mabaya peke yake kwa kawaida hayahesabiwi kuwa sababu halali ya kuvunja mkataba. Tatizo ni kwamba mkataba ukishataja fidia yake, hoja inaanzia hapo. Chukua mfano ameondolewa baada ya miezi 3. Bila kifungu hicho angedai salio la miezi 7, yaani rial 4,900. Akipata kazi nyingine ya rial 400 kwa miezi hiyo, inakatwa 2,800, inabaki 2,100. Kwa kifungu cha 11 anaambulia 700. Na kibali chake cha kuishi kiko mikononi mwa klabu hiyohiyo.

Kifungu cha mwisho kinapeleka migogoro yote mahakama za Maskati. Bila kifungu hicho, kwa kuwa kocha ni Mtanzania na klabu ni ya Oman, shauri lingeweza kwenda Mahakama ya Soka ya FIFA, ambako kocha halipi gharama za shauri, mradi afungue ndani ya miaka 2. FIFA hutazama kazi anayoifanya mtu, kwa hiyo kuitwa msaidizi hakumnyimi mlango. Kusaini mahakama nyingine kunaweza kumnyima.

Wachezaji wana ITC, yaani cheti cha kimataifa cha uhamisho, na TMS, mfumo wa FIFA wa kusajili uhamisho kwenye kompyuta, uhamisho wao unaacha alama. Kocha anahama na begi na karatasi yake, hakuna anayeisoma ila yeye. Wengi wa waliozunguka klabu tano sita wakiwa wachezaji wanasaini vilevile walivyozoea: wanatazama mshahara, wanapindua ukurasa.

Upande wa pili kuna klabu ya nyumbani inayomtaka awe msaidizi kweli, chini ya kocha mwenye leseni kamili, kwa pesa ndogo sana, huku akiomba nafasi ya kozi ya CAF A. Yeye anaona ni kurudi nyuma. Nimemkumbusha habari za kocha Hervé Renard, aliyekuwa msaidizi wa Claude Le Roy China na baadaye Ghana kabla ya kupewa Zambia, akaja kutwaa AFCON 2012. Usaidizi wa kweli unamjenga mtu. Huu wa karatasi utamwacha na msimu mzima ambao hawezi kuuthibitisha popote kuwa aliongoza timu.

Naomba unishauri kwa haya. Je, inatosha kudai vifungu vya 4, 7, 11 na cha migogoro virekebishwe, cheo kikabaki "msaidizi" lakini majukumu yaorodheshwe yote na bonasi ya kupanda daraja iandikwe kwa jina lake? Kuna kocha wa CAF aliyewahi kukubaliwa kuingia kozi ya AFC akiwa hukohuko kazini, na alipitia kwa nani? Au aachane nayo arudi kwenye CAF A?

Klabu inataka sahihi kabla ya Alhamisi jioni.

Kaka wa kocha,
Dar es Salaam