Moyo wa Baba haukuumia mara moja

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi. Mama hajambo, na Baba jana alitoka mwenyewe hadi barazani. Swali ulilonipigia simu kuniuliza nilishindwa kulijibu ndani ya daladala: baada ya lile shambulio la moyo, mshipa unaoupelekea moyo wa Baba damu ulizibuliwa, mbona moyo umebaki dhaifu? Ndiyo kazi ninayoisomea, basi nakujibu kwa kituo.

Kifua kilianza kumbana Baba alfajiri. Tukadhani vidonda vya tumbo, na zahanati nao wakampa dawa ya gesi. Tunafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ni saa nane mchana. Na damu ikikatika kabisa, seli za kwanza za misuli ya moyo huanza kufa baada ya dakika 20 hadi 40 hivi. Kwenye kioo cha ultrasaundi niliuona ukuta wa mbele umelala kimya huku mwingine ukidunda.

Kuzibua ni lazima, la sivyo eneo lote lingekufa. Lakini damu ikirudi kwa ghafla, kalisiamu hujaa ndani ya mitokondria, zile zinazoipa seli nguvu. Zinatoboka, na seli zilizokuwa bado hai nazo zinakufa.

Hapo ndipo habari inapoanza kusafiri. Seli iliyopasuka inamwaga vilivyomo, pamoja na DNA ya mitokondria. Mitokondria asili yake ni bakteria, Rukia, na DNA yake bado ina sura ile ya zamani! Vipokezi vilivyowekwa kunusa vijidudu vinainusa na kupiga yowe. Protini moja inaiamsha nyingine, hadi kwenye ile iitwayo NF-κB, ambayo Ranjan Sen na David Baltimore waliieleza mwaka 1986 wakichunguza jeni za kingamwili, si moyo. Siku zote imefungwa na protini inayoilinda. Mlinzi akivunjwa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamuru vitengenezwe viashiria vya mchochota, yaani ule uvimbe na joto la mwili unapojitetea, vikiwemo TNF na interlukini-1β. Seli nyeupe za damu zinafurika ndani ya saa chache, na vimeng'enya vyake, yaani protini za kumeng'enya, havichagui msuli uliokufa na ulio hai.

Juzi tuliwekewa slaidi ya hadubini ya moyo wa siku ya pili baada ya shambulio. Ile mistari myembamba ya msuli ilikuwa imefifia, na katikati ya nyuzi zimejipanga neutrofili, aina ya hizo seli nyeupe, viini vyao vya zambarau vimekatika vipande vitatu vinne. Nilimwona Baba pale, nikashindwa kuendelea kuangalia.

Utasema, si wauzime tu huo moto wa mchochota? Mwaka 2017 yalitoka majibu ya kanakinumabu, dawa inayokamata interlukini-1β. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walishiriki. Kwa dozi ya miligramu 150, mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 15, ila vifo vya maambukizi vikaongezeka. Tena mchochota huohuo ndio unaoleta makrofaji za kuzoa uchafu, kisha ishara ya TGF-β inaziamuru seli nyingine zifume kovu. Ukuta ukikosa kovu imara unaweza kupasuka. Mimi naamini njia ni kuupunguza kwa kipimo na kwa wakati wake, si kuuzima wote.

Ndiyo maana nimegombana na Baba. Mgongo unamuuma, anataka diklofenaki ya duka la dawa, anasema si ya kutuliza uvimbe tu? Kwa mtu aliyetoka kwenye shambulio la moyo, dawa za jamii hiyo huongeza hatari ya jingine. Anatumia alizoandikiwa na daktari, na mgongo namkanda kwa maji ya moto.

Kaka yako akija mwisho wa mwezi, mwambie asimletee tena vile vidonge. Amletee machungwa ya Muheza, anayauliza kila siku.

Wako,
Mwanaidi