Mhariri, warekodini askari wa miguu wa Kagera wakiwa bado wapo

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo kila ikifika tarehe 25 Julai linaniuma. Siku ya Mashujaa tunarudishiwa ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 ya kumpiga Idi Amin wa Uganda, ile ya uwezo, sababu na nia, tunaonyeshwa mizinga, tunatajiwa makamanda, halafu basi mpaka mwakani. Yule askari wa kawaida aliyebeba bunduki ya SMG na begi mgongoni toka Kagera mpaka kule mpakani na Sudan hatumsikii kabisa, na yeye ndo aliyeibeba vita.

Vijana wengi hawajui kwamba vita ile sehemu kubwa ilitembewa. Jeshi la nduli Amin lilitegemea sana magari, linashikilia barabara, sasa wetu wakawa wanaiacha barabara wanakatiza maporini kwa miguu wanatokea upande ambao adui hakuutegemea. Chukua ramani uone: Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Kampala tarehe 11 Aprili, halafu Jinja, Gulu, mpaka mwanzoni mwa Juni wameshamaliza nchi nzima ya watu. Baba yangu mdogo alikuwa humo na ukimuuliza habari za vita haanzi na risasi, anaanza na miguu, soksi ambazo hazikauki, ngozi ya vidole inavyobabuka, na usingizi unavyomchukua mtu huku anatembea anakuja kushtuka kamgonga wa mbele yake. Haya huyakuti kwenye taarifa za jeshi, kule wanaandika kikosi kilisonga mbele, imeisha hiyo.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni Lukaya, kamji kalikopo kati ya Masaka na Kampala. Pale barabara inapita katikati ya kinamasi, na jioni ya tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, yaani watu ambao miezi michache nyuma walikuwa wanalima au wana vibanda vyao vya biashara, ikakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wakaanza kupigwa na roketi za Katyusha. Nyingi zilipita juu, hawakufa wengi, ila ule mlio kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia maishani mwake ulitosha, wakatawanyika. Kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka ikampiga adui ubavuni, na wale wa 201 waliotawanyika wakajikusanya wakapiga kutokea mbele, Walibya wakashindwa. Sisi tukisimulia tunasema tuliwapiga Walibya Lukaya, na ni kweli tuliwapiga, lakini ule usiku wa katikati tunauruka kama vile ni aibu. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Mtu amekimbia gizani kwenye matete, hajui mwenzake yuko wapi wala kama yuko hai, kulipokucha akarudi mwenyewe kule kule alikotoka kukimbia, sasa huyo kama siyo shujaa shujaa ni nani? Natamani nimsikie mmoja wao akieleza mwenyewe, kwa maneno yake, nini kilimrudisha.

Na hawa walikuwa wengi mno. Jeshi lilikuwa na watu chini ya 40,000, likapita 100,000 kwa kuita mgambo, polisi, magereza na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na vita ilipoisha wengi wakarudi vijijini kwao kuendelea na jembe. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anakaribia 70 au ameshapita. Kule kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, Muleba, wapo 619 wamelala, wengine siyo risasi iliyowaua, ni ajali na maradhi, na hao nao walikuwa kazini vile vile. Wanaoweza kutuambia hao walikuwa watu gani ni hawa wazee, na kila mwaka wanapungua.

Ndo maana nakuomba Mhariri, una waandishi mikoa yote, tengeni hata nusu ukurasa kila wiki mumpe mzee mmoja aongee. Na jamani msiwaulize aliua wangapi, swali lile linawafunga midomo. Muulizeni alikula nini, nani alilala naye handaki moja, barua ya nyumbani ilimfikia au haikufika, nani alimzika rafiki yake na wapi. Picha zao na nishani zao mzipige picha mrudishe, familia nyingi hazijui zihifadhi vipi. Na wale wa mgambo waanze, maana wao hata jina kwenye orodha za jeshi sijui nani anayewatafutia.

Wa kuanza naye yupo. Baba mdogo bado anawataja wenzake wa seksheni mmoja mmoja na kijiji alichotoka kila mtu, na nimeshaongea naye amekubali. Mwandishi wenu wa Mwanza akiwa tayari anitafute nimpeleke.

Msomaji wenu,
Mwanza