Namba iliyomshinda Fermat

Morogoro

Rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mvua nazo zimepungua. Uliniuliza kwa nini mwalimu wenu wa hisabati haridhiki na mifano, hata mkimpa mingi, anadai uthibitisho tu. Nakujibu kwa namba ninayoipenda kuliko zote: 4,294,967,297.

Yaani 2³² ujumlishe 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo fulani, ukijumlisha 1, na vipeo vyenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 akamwandikia mwanahisabati mwenzake Frénicle kwamba anaamini zinazofuata nazo ni tasa, ingawa uthibitisho hana. Inayofuata ndiyo hii yangu.

Ikakaa hivyo karibu miaka 90. Mwanahisabati Goldbach alimgusia mwenzake Leonhard Euler jambo hilo kwa barua mwaka 1729, na mwaka 1732, akiwa St. Petersburg huko Urusi, Euler akaonyesha kuwa namba hiyo inagawanyika kwa 641 bila baki. Chukua kalamu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni yenyewe. Jumlisha zote tatu uone.

Unaweza kudhani alijaribu moja moja. Inatosha kujaribu mpaka kipeuo cha pili cha namba yenyewe, hapa kama 65,536, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542, kazi ya kuchosha mtu! Lakini Euler baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Basi za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, na mlango umefunguka.

Kuna njia nzuri zaidi, isiyohitaji kugawanya kabisa. 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Tena 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kwa kuwa 640 imepungua 1 tu kufikia 641, kwa upande wa baki ni sawa na −1, na (−1)⁴ ni 1; basi 640⁴ ukiigawanya kwa 641 inabaki 1. Sasa 640⁴ ni 625 × 2²⁸. Pale penye 625 weka −16, maana tofauti yao ni 641 kamili, baki haibadiliki. Unapata −2³², nayo inabakiza 1. Kwa hiyo 2³² + 1 haibakizi kitu. Nilipoielewa hii mara ya kwanza sikulala mapema.

Mpaka leo haijapatikana namba tasa ya sita ya aina hiyo, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haipo. Inayofuata, 18,446,744,073,709,551,617, nayo inagawanyika, kwa 274,177. Ukipata nafasi ihakikishe, kisha mwonyeshe mwalimu wako.

Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Wako,
Rehema